Mahali Uzio Ulipopita

Port Nolloth
12 Februari 1999

Kwa dada yangu Hendrina,

Salamu nyingi kutoka huku pwani. Natumaini hujambo, magoti yako hayajambo, na mbuzi hawajambo. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo wangu si wa kuulizia. Nimeutumikisha miaka thelathini na mbili kwenye kiwanda cha samaki, na sasa umeamua kunirudishia. Najua unaisoma barua hii umekunja uso. Ukunjue kidogo, dada. Miaka kumi na moja bila hata neno ni mingi mno kwa watu waliolala kitanda kimoja utotoni, mmoja kichwani, mwingine miguuni.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi wa Mei naacha kazi. Tangu mke wangu Rosina afariki nyumba hii imekuwa kubwa kwangu, na isitoshe ni nyumba ya kazi, siku nikiacha kazi naiacha na nyumba. Nataka kurudi Bokvlei. Nataka kujenga kijumba cha vyumba viwili na jiko kwenye shamba la baba, pale kwenye mtini, kwa sababu pana kivuli na kisima kiko karibu. Pale ni kwangu. Baba alisema mbele yetu wote wawili siku tatu kabla hajafa: juu ya uzio ni kwa Hendrina, chini ya uzio ni kwa Apools. Na mtini ulikuwa chini ya uzio. Nilikwambia hivyo siku ya matanga, ukanirushia kikombe.

Sikuombi radhi, wala sitaki uniombe. Nataka neno lako tu, ili nikija na mizigo yangu nisikutane na kikombe kingine. Sina kwingine ninakotaka kuzeekea.

Wako,
Apools Saal


Bokvlei
25 Februari 1999

Mdogo wangu Apools,

Barua yako imefika, na salamu nimezipokea. Mimi sijambo. Magoti yanauma nikipanda, yanauma nikishuka, nikikaa yananiuliza kwa nini nimekaa. Mbuzi watatu wamezaa mapacha. Uso nilikuwa nimeukunja, ndiyo, tangu nilipoona mwandiko kwenye bahasha. Bado unaandika kama kuku aliyekanyaga wino.

Kwanza, pole kwa Rosina. Nilipata habari kanisani, nikamlilia, lakini kalamu sikuishika. Hilo ni kosa langu na nalibeba. Alikuwa mwanamke mzuri, tena mvumilivu, maana nimewahi kulala chumba cha pili nikakusikia unavyokoroma.

Pili, kikombe hakikukupata.

Tatu, mtini. Apools, mtini ulikuwa JUU ya uzio. Nimekulia hapo kama wewe. Uzio ulipita chini ya mtini, pale kwenye mawe, na mimi nauona nikifumba macho. Mtini aliupanda mama. Kila mwaka nauchuma, napika jamu, na jamu yangu inajulikana mpaka mjini Springbok. Leo wewe uje uweke kitanda chako juu ya mizizi yake, upigilie misumari ya kuanikia soksi kwenye shina! Sitaki.

Najua utasema tukaulize watu. Nimeshauliza. Waya wenyewe baba aliukata mwaka ule wa ukame akajengea zizi, nguzo zikawa kuni, na mimi wakati huo nilikuwa mjini nikipika kwenye nyumba za watu, miaka yote ile sikurudi hata Krismasi, wala sikuona ukitolewa. Aliyebaki kukumbuka ni Mzee Dawid tu. Nikampandisha hadi shambani. Akasema uzio ulipita juu. Nikampa tumbaku, akasema hapana, ulipita chini. Alipomaliza kuivuta akasema hapa hapajawahi kuwa na uzio, na kwani mimi ni binti wa nani?

Rudi nyumbani, sikukatazi. Jenga kule chini karibu na barabara, ambako hakuna atakayesikia ukikoroma. Lakini kwenye mtini, hapana.

Dada yako mkubwa,
Hendrina


Port Nolloth
6 Machi 1999

Dada,

Salamu. Mimi mzima, natumaini nawe mzima.

Sijengi barabarani. Mimi si kibanda cha kuuzia nyama. Nimefanya kazi ya kuajiriwa maisha yangu yote ili siku moja nikae kwenye ardhi ya baba yangu, kwenye kivuli ninachokijua, na wewe unanipa vumbi la malori.

Uzio ulipita juu ya mtini. Mimi ndiye niliyechunga pale, wewe ukiwa mjini. Waya ule umenichana suruali ngapi? Unasema unauona ukifumba macho. Basi yafumbue. Umri, dada. Una miaka sitini na mmoja, na kumbukumbu zinachakaa kama soksi, hata zako. Mama yake Dawid alianza hivyohivyo, akamaliza kwa kumwita mbuzi mchungaji wa kanisa.

Nimeshanunua mzunguko mmoja wa waya. Nilitaka nikifika tu niweke uzio mpya, kila mtu ajue kwake. Sasa umekaa hapa nyuma ya mlango, nagonga mguu kila nikipita. Kama hukubali, basi. Kuna mjane hapa anauza samaki wa kukaushwa, ana chumba cha kupangisha. Nitazeekea kwake na harufu yake.

Usiniandikie mpaka ukumbuke vizuri.

Apools


Bokvlei
31 Machi 1999

Apools,

Salamu. Hujambo? Mgongo je? Mimi sijambo wa mwili. Nakuandikia ingawa umenikataza, kwa sababu kuna jambo limetokea shambani.

Tarehe nne mvua ilipiga hapa, mvua ya radi, ambayo sijaiona mwezi wa Machi tangu nirudi nyumbani. Korongo lilijaa, kuku wawili wakaenda na maji. Kisha jua. Wiki ya tatu nikapanda shambani kutazama mtini kama umesalimika, na kabla sijafika nikaona rangi ya waridi mpaka macho yakaniuma. Maua ya Machi! Unajua kila mwaka yanatoka mawili hapa, matatu pale, mengine yanakaa ardhini hata miaka mitano yanasubiri. Safari hii yametoka yote. Kule kilimani yametapakaa ovyo, kila moja limesimama kwenye udongo mtupu bila hata jani, kubwa kama ndoo. Lakini shambani kwetu, Apools, yamepanga mstari. Mstari ulionyooka, kutoka korongoni mpaka kwenye mpaka wa kina Beukes, bega kwa bega kama watoto wa shule siku ya ukaguzi.

Nikasema labda ni Shetani, labda ni Beukes. Siku tatu nimekwenda nikitazama. Siku ya tatu nikakaa kwenye jiwe, na upepo wa mashariki ukanipuliza kisogoni, nikakumbuka mbio zetu.

Unakumbuka? Maua yakikauka tulikuwa tunapanda kilimani, kila mmoja anachagua lake na kulifunga uzi. Tunangoja. Upepo wa moto ukija, shina linakatika, pak! na ua zima linaanza kubingirika, vijiti vyake vyote vimesimama kama miguu ya buibui, linaruka mawe, linadondosha mbegu njia nzima, na sisi nyuma yake tukipiga kelele. Na mwisho wa mbio ulikuwa wapi? Kwenye uzio. La kwanza kunasa kwenye waya ndilo mshindi. Kila mwaka uzio ulijaa maua makavu mpaka baba akawa anayachukua kuwashia moto. Lakini mbegu zake zilikuwa zimeshabaki chini ya waya. Jembe la baba halikufika karibu na nguzo, mbuzi hawayali kwa sababu ni sumu, na vitunguu vyake vya chini ya udongo vinakua polepole, miaka kumi na zaidi kabla ya kutoa ua. Vimekaa humo muda wote huu. Waya umeondoka, nguzo zimeondoka, baba ameondoka. Upepo ndio uliopanda mstari, nao unatuonyesha uzio ulipopita.

Mstari umepita juu ya mtini. Hatua arobaini juu yake. Nimehesabu.

Sasa nitakwambia kitu na usimwambie mtu. Kabla ya kukuandikia nilipanda na sepetu. Nilisema nitavichimba vyote, nani atajua? Nikachimba kimoja. Kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto, na ua lake likaanguka upande likinitazama. Nikaona haya, mtu mzima kama mimi, na skafu ya kanisani bado kichwani. Nikakirudisha, nikashindilia udongo kwa mguu, nikakiomba radhi kwa sauti. Beukes alikuwa anapita na punda wake, akanisalimia kwa adabu sana.

Basi mtini ni wako. Jenga. Ulikuwa unakumbuka sawa, nami nilikuwa nakumbuka vibaya.

Kinachonisumbua ni kimoja tu. Katika kumbukumbu yangu, maua yetu yakibingirika yanaupita mtini. Nayaona kabisa! Nakuona wewe na kaptula yako iliyochanika, ukizunguka shina la mtini kulifukuza lako, nami nikikucheka, kisha ndiyo linanasa chini kule kwenye mawe. Kumbe halikuwa hivyo. Ulisema kweli kuhusu soksi. Jana nilitia chumvi kwenye chai nikakaa nikaogopa. Mimi naishi peke yangu, Apools. Kichwa changu kikianza kuondoka, nani ataniambia?

Njoo. Maua bado yamesimama.

Dada yako,
Hendrina


Bokvlei
11 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Salamu tena. Natumaini u mzima. Hujajibu. Siku kumi na moja, na lori la duka linalotuletea barua limepita mara tatu. Dereva akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Nimekupa mtini na bado umenuna? Ulitaka nikupe na mbuzi? Au unaumwa? Kama ni mgongo, mwambie huyo mjane wa samaki aniandikie mistari miwili. Kama umeshahamia kwake, sawa, lakini sema.

Maua yameanza kukauka. Rangi imekwenda, yamebaki vijiti na vifuko vya mbegu. Ukiyagusa yanachakarisha. Wiki moja, mbili, upepo utakuja, na mstari hutauona tena mpaka mvua nyingine kama ile, na mvua kama ile labda itatukuta sote wawili kando ya baba.

Kwenye chai sasa naonja sukari kwanza.

Dada yako anayengoja


Port Nolloth
14 Aprili 1999

Dada yangu mpenzi Hendrina,

Salamu za moyo. Mimi mzima, mgongo mzima, sijahamia kwa mjane yeyote. Nisamehe kwa kukaa kimya. Barua hii nimeichana mara nne, na ya tano nimeamua kuiandika harakaharaka kabla sijapata akili.

Kichwa chako hakina kasoro. Umenisikia? Hakina kasoro hata ya sindano. Maua yetu yalikuwa yanaupita mtini. Mimi nilikuwa nalizunguka shina. Kaptula ilikuwa imechanika.

Uzio ule niliuhamisha mimi.

Mwaka wa 1957. Wewe ulikuwa umekwenda mjini miaka miwili nyuma. Mimi nina miaka kumi na sita, baba yuko mgodini Nababeep, anarudi Krismasi tu. Kabla hajaondoka akaniambia nguzo zimeoza, nikate nyingine nizisimike upya. Unakumbuka ngano ilikuwa juu na mbuzi chini, na mtini ulikuwa juu, upande wa ngano. Siku nzima mimi nilikuwa chini na mbuzi, juani, nikizitazama tini zikiiva upande wa pili wa waya. Nikivuka kuchuma, mbuzi wananifuata kwenye ngano, na baba akirudi napigwa. Nisipovuka, ndege wanazila zote mbele ya macho yangu. Basi nguzo mpya nikazisimika juu ya mtini. Hatua arobaini. Mwaka ule nilikaa kivulini na mbuzi wangu nikala tini mpaka nikaumwa tumbo, na mbuzi wakala matawi yote ya chini.

Baba aliporudi nikamwambia kule chini nguzo hazishiki, ni mawe matupu. Akautazama mtini ulivyonyolewa. Akanitazama mimi. Akasema, "Mawe, eh?" Na hakuurudisha. Ulikaa pale miaka kumi na tatu, mpaka ukame ule akaukata waya.

Siku tatu kabla hajafa alisema uzio. Uzio upi, hakusema. Miaka kumi na moja nimejiambia alisema wangu, kwa sababu ndio uliokuwa wa mwisho. Lakini nilijua kwamba wewe hukuwahi kuuona huo. Wewe ulijua uzio wa baba tu. Nilijua siku ya matanga, nilijua kikombe kilipopita sikioni. Nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nataka mtini, na kwa sababu mzee wa miaka arobaini na saba anaona aibu kusema aliiba tini. Nikaona afadhali dada yangu aonekane mwongo. Halafu nikakuandikia kwamba unasahau. Tangu barua yako ya chumvi silali vizuri.

Nenda kwenye mawe, chini ya mtini. Polepole, usianguke. Kule jembe halijawahi kupita. Kama upepo ulipanda pale nilipohamishia, na kwa baba pia lazima ulipanda. Huenda yamebaki machache. Angalia, uniambie.

Mtini ni wako. Nitajenga barabarani, au nitajenga unaposema wewe, au sitajenga. Waya bado uko nyuma ya mlango, nitauleta tuuweke pale ulipokuwa wa baba.

Mdogo wako, mwizi wa tini,
Apools


Bokvlei
19 Aprili 1999

Apools! Mwizi! Mwongo! Mdogo wangu!

Hujambo? Mimi sijambo, sijambo, sijambo, sijawahi kuwa sijambo hivi. Nampa dereva wa lori barua hii akiwa ameshawasha injini, kwa hiyo mwandiko usiuseme, leo nami nimekanyaga wino.

Saba. Yako saba. Nimekwenda na fimbo, na magoti yangu yalinitukana njia nzima. Yamejificha katikati ya mawe, ndiyo maana sikuyaona, nami macho yangu yote yalikuwa kwenye mstari wako wa wizi kule juu. Ni makubwa kuliko yote, ya kizee, mashina manene kama mkono wangu. Moja hapa, mawili pale, lakini ukisimama kwenye korongo ukafumba jicho moja, yamenyooka mpaka kwa Beukes. Nimeyahesabu mara mbili. Nikakaa katikati yao nikalia kwa sauti, nikacheka kwa sauti, na Beukes alipita tena na yule punda. Sasa atahubiri habari zangu wilaya nzima. Na ahubiri! Nilimwambia, "Kichwa changu kizima, Beukes!" Akasema hakuwahi kuwa na shaka. Naye mwongo.

Nimekukasirikia kuanzia mawe mpaka mtini. Nilitamani ungekuwa karibu nikurushie kitu. Kutoka mtini mpaka nyumbani nikaanza kukuona na miaka yako kumi na sita, umekaa kivulini, mdomo umejaa tini, mbuzi wamekuzunguka nao midomo imejaa. Nilipofika mlangoni hasira ilikuwa imekwisha, nikaitafuta hata sikuiona. Miaka kumi na moja, Apools! Ungeniomba tini tu.

Sikiliza sasa, mimi ni mkubwa wako. Mtini uko katikati ya uzio wa baba na uzio wa mwizi, basi ukae hapo hapo katikati. Utajenga pale pale ulipotaka, mlango utazame kwangu. Tini nitachuma mimi, jamu nitapika mimi, utakula wewe. Na nikitia chumvi kwenye chai utakuwepo wa kuniambia, na ukikoroma nitakuwepo wa kukurushia kikombe. Kipo bado. Kimevunjika mkono tu.

Usingoje Mei. Omba ruhusa, singizia mgongo, hilo unaliweza. Upepo wa moto umeanza leo asubuhi. Manne ya kilimani yameshakatika, nimeyaona yakishuka: yamepita mstari wako, yamezunguka mtini, yameruka mawe ya baba, yamevuka barabara, na sijui yameishia wapi, maana hakuna cha kuyazuia. Nimechagua mawili. Langu nimelifunga uzi mwekundu, lako wa buluu, na yote mawili nimeyabana kwa mawe yasiondoke kabla hujafika. Lako ni zuri kuliko langu, usije ukasema nimekuonea.

Dereva anapiga honi. Njoo, na waya usilete. Mpe mjane wa samaki afungie kuku wake.

Dada yako